Diski Aliyotupa Nashu

Mama mwenzangu mwenye mtoto anayefanya kazi na kompyuta, nakuandikia wewe. Kompyuta inavyofanya kazi sitakueleza, hiyo sikusomea. Nitakueleza inavyoacha.

Binti yetu Ilinca anapiga picha za harusi, zile zinazotembea, za video. Kazi ni nzuri, na mji wetu haukosi harusi. Mwaka huu kabla ya Pasaka alianza kulalamika kwamba kompyuta yake imejaa na anataka diski za kuhifadhia kazi za watu.

"Nataka mbili," alituambia tukila. "Moja isiyozunguka, hiyo ya kufanyia kazi kwa sababu ina kasi. Nyingine ya kuzunguka, kubwa, ya kuwekea. Na kila harusi ikae kote kuwili."

"Harusi moja unaiweka mara mbili?" baba yake, Toader, aliuliza. "Kwani bwana harusi ni pacha?"

"Baba, wewe kabichi ya chumvi ya majira ya baridi unaiweka kwenye pipa moja?"

"Pipa halifi."

"Mwaka juzi lilipasuka."

"Lilipasuka kwa sababu mama yako aliliangalia vibaya."

Mazungumzo yaliishia hapo, na diski hazikununuliwa.

Jumatatu ya Pasaka tulikwenda kwa nashu Nicanor, kama kila mwaka, na kuku, mkate mtamu na mayai mekundu. Nashu ndiye aliyetusimamia kanisani siku tuliyooana, akatushikia mishumaa, kisha akambatiza Ilinca. Baba mzazi unaweza kugombana naye na ukalala usingizi. Nashu hapana. Akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, ukifika nyumbani ndiyo unatazama ni kitu gani.

"Nimesikia mwanangu wa ubatizo anatafuta diski," alisema nashu. "Eti anataka kununua. Kununua, na mimi niko hai?"

Akatoka, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Kilikuwa na uzito wa kipande cha nyama ya sikukuu. Pamoja nacho kulikuwa na kasha la kukitia na adapta ya kuchomeka ukutani, waya wake umefungwa fundo. Mama yake nashu, bibi Zamfira, alikuwa amekaa karibu na jiko na fimbo yake.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Diski, mama. Inakumbuka kila kitu."

"Maskini," akasema bibi Zamfira.

Toader alikuwa ameshaipokea, kwa mikono miwili.

Nyumbani Ilinca aliichomeka, akafungua programu inayosoma umri wa diski. Akaniita.

"Mama, njoo uone. Hii imekuwa ikizunguka usiku na mchana tangu mimi niko shule. Haikuzimwa hata siku moja. Itakuwa ilikuwa inarekodi kamera za ulinzi mahali fulani."

"Basi imezoea kazi."

"Imechoka. Hapa, ona, programu imeweka alama ya njano. Ina sehemu mbovu."

"Na mimi ninazo," nikamwambia, "na chakula kinapikwa."

Alitaka kuifungia kabatini akanunue mpya. Lakini nashu alikuwa akipita kwetu mara kwa mara, na kila akipita aliuliza, "Diski yangu inaendeleaje?" kama mtu aliyekopesha ndama. Ungemwonyesha nini? Kwa hiyo ilikaa mezani mbele ya macho ya watu. Mimi nikaifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe kwa kulabu, chenye maua pembeni, ili ionekane imepokelewa kwa heshima. Ilinca akakitoa.

"Mama, inapata joto. Inahitaji hewa."

"Televisheni ilivaa kitambaa miaka yote na haikulalamika."

Akakitoa, nikakirudisha. Tuliishi hivyo hadi mwezi wa Mei.

Mwezi wa Mei Catrinel, binti wa nashu, aliolewa, na Ilinca ndiye aliyepiga picha. Nani mwingine angepiga? Kanisani ilikwenda vizuri, karamuni vizuri zaidi. Ilipofika zamu ya hora, ngoma yetu ya duara, watu wote wakishikana mikono, bibi Zamfira aliinuka pale alipokuwa ameketi, akamsukuma mjomba wa bwana harusi, akashika nafasi ya mbele, fimbo juu. Hakuna aliyekuwa amemwona akicheza tangu afiwe na mumewe. Na hakuna aliyekuwa amefanikiwa kumpiga picha, maana alikuwa anakimbia kamera. "Sura yangu mnaiona bure kila siku," alikuwa anasema, "ya nini kuiweka kwenye karatasi?" Picha aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, na pale anaonekana kama mtu anayeulizwa kuku wa jirani kaenda wapi.

Siku ile alicheza, na Ilinca alizunguka naye na kamera mwanzo mpaka mwisho.

Jumapili aliimwaga harusi yote kwenye diski ya nashu, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa. Jumatatu alikuwa na ubatizo mtaa wa pili, akahitaji kadi za kamera. Akasimama mezani na kadi mkononi.

"Mama, nikizifuta hizi, harusi ya Catrinel itabaki mahali pamoja tu. Kwenye hiyo."

"Hiyo ni ya nashu," nikasema.

Nilimaanisha kwamba ni salama. Akazifuta, akazitumia kwa ubatizo, na akasema diski ya pili atanunua wiki hiyo hiyo. Wiki hiyo mvua iliingia ghalani, tukawa na mengine.

Mwezi wa Juni bibi Zamfira alifariki, akiwa ameketi, na fimbo mkononi. Baada ya mazishi nashu alikuja kwetu, akakaa, hakuvua kofia.

"Ilinca," alisema. "Siku ya arobaini ya mama, tukimaliza kanisani, watu watakuja kula kwangu. Nataka wamwone akicheza. Kwenye televisheni kubwa. Sina kitu kingine chake kinachotembea."

"Sawa, nashu," alisema Ilinca.

Nashu alipoondoka, Ilinca aliketi mezani, akawasha. Diski ikafanya tk, tk, tk. Ikanyamaza. Ikafanya tena tk, tk, tk. Kwenye kompyuta hakukutokea kitu.



Habari mbaya kwetu haikai ndani. Jirani yetu Maranda alifika hata kabla Ilinca hajaizima.

"Dirisha na mlango vilikuwa wazi kwa pamoja?" aliuliza.

"Vilikuwa."

"Basi imepigwa na upepo wa katikati. Ipake pombe ya plamu, uifunge kwenye sufu."

"Mama Maranda, tafadhali," alisema Ilinca.

"Au iweke kwenye friza. Mpwa wangu aliiweka yake kwenye friza."

"Ikapona?"

"Haikupona. Lakini ilikufa ikiwa baridi."

Toader yeye alikuja na nyundo ya mpira. Alisema hataipiga, ataigusa tu, kama anavyofanya kwa redio ya trekta. Ilinca alisimama kati yake na meza akanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mtoto wangu akimpigia baba yake kelele.

"Hakuna kugusa! Hakuna kupaka! Na hakuna kuiwasha kila dakika kuona kama imepona! Ndani kuna sahani inayozunguka na kisomeo kinachopita juu yake karibu kuliko unywele. Kikianguka kinakwaruza. Kila mkiwasha, mnakwaruza uso wa bibi Zamfira!"

Toader aliiweka nyundo chini taratibu, akavua kofia.

Siku iliyofuata Ilinca alianza kazi kwa utaratibu, kama daktari asiye na haraka. Alisema unaanza na vitu vya bei ndogo. Alibadilisha waya unaokwenda kwenye kompyuta. Akasikiliza. Tk, tk, tk. Akazima. Akachomeka kwenye tundu jingine la kompyuta. Tk, tk, tk. Akazima. Mimi nilikuwa jikoni napiga ishara ya msalaba kwa kijiko, na hapo ndipo nashu Nicanor alipoingia bila kubisha, kama anavyostahili. Nikamkalisha, nikammiminia.

Kutoka chumbani: tk, tk, tk.

"Nini hicho kinagonga?"

"Saa, nashu."

Akaitazama saa ya ukutani. Imesimama tangu siku Toader alipoitengeneza.

"Saa ipi?"

"Ya Ilinca."

"Inagonga mara tatu, kisha inanyamaza?"

"Ni ya kisasa."

Nashu alikunywa. Akasikiliza tena. "Na diski yangu inaendeleaje?"

"Inafanya kazi," nikasema. "Unaisikia."

Alipoondoka nilifunga mlango kwa ufunguo.

Ilinca akatoka na adapta mkononi, ile iliyokuja na diski, akaipeleka dirishani asome maandishi madogo.

"Mama, hii si ya kasha hili. Imechomekwa kwa kuwa tundu lilikubali."

"Ni ya nini?"

"Sijui. Labda ya taa za mti wa Krismasi. Msukumo wa umeme ni ule ule, lakini kiasi inachotoa ni kidogo, kama mpira wa maji mwembamba. Diski nzee inahitaji nguvu nyingi kuanza kuzunguka. Mwezi wa Mei iliweza; sasa inajaribu kuinuka, inashindwa, inakaa. Ndiyo hiyo tk, tk, tk. Labda."

"Labda?"

"Labda inakufa pia. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja."

Tulikwenda kwa Maranda kumwomba adapta ya kisanduku cha televisheni yake, kwa sababu namba zake zilikuwa zinafaa. Maranda aliikumbatia.

"Leo kwenye tamthilia Rodica anagundua mumewe ana mke Italia."

"Utaona marudio," nikamwambia.

"Marudioni nitakuwa nimeshaambiwa."

Alikubali kwa sharti la kuja nayo mwenyewe na kurudi nayo mwenyewe. Akaketi kitandani kwa Ilinca, mkoba mapajani, akiilinda kwa macho.

Kabla ya kuwasha Ilinca alinigeukia. Alikuwa amenunua diski mpya asubuhi ile, ilikuwa pale tayari, ndogo kama biskuti.

"Mama, ikiamka sijui itakaa macho muda gani. Nianze na kipi? Kanisa au bibi?"

Toader aliangalia ukuta. Mimi nilimfikiria Catrinel akiingia kanisani na shela, halafu nikafikiria kile kitambulisho.

"Catrinel yuko hai," nikasema. "Mumewe yuko hai, na padri naye anakula vizuri. Anza na aliyekufa."

Akawasha. Diski ilivuta pumzi, ikaanza kuvuma, na hakuna aliyetikisika. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi.

"Inasemaje?" Toader aliuliza.

"Inasema diski hii ina kasoro, inataka kuisafisha upya ndiyo itumike. Inauliza ndiyo au hapana."

"Imeuliza kwa adabu. Sema ndiyo."

"Baba, nikisema ndiyo inafuta kila kitu."

"Sasa kwa nini inauliza?"

"Ili mtu akatae."

Toader hakuwahi kukutana na jambo kama hilo. Ilinca akabonyeza hapana, na kompyuta haikununa. Wala haikuuliza sisi ni watoto wa nani. Nililikumbuka hilo baadaye.

Kisha akafungua programu nyingine, yeye na uvumilivu wake, akaanza kuivuta ile hora. Mstari wa kijani ulikuwa ukitembea, ukisimama, ukitembea. Maranda aliacha kutazama adapta akatazama mstari. Ulipofika mwisho Ilinca alishusha pumzi, akaanza na kanisa. Mstari ulitoka, ukasogea kidogo tu. Mle ndani ya kasha kukasikika sauti kama ya kisu kwenye sahani ya bati. Ilinca akachomoa umeme kabla sijauliza.

"Basi," alisema. "Haiwashwi tena. Kuna watu mjini Iași wanaozifungua kwenye chumba kisicho na vumbi. Wakiweza, wameweza."

"Naweza kuchukua yangu?" aliuliza Maranda.

Siku ya arobaini nilipika koliva, ile ngano ya kuchemsha yenye njugu na sukari, na msalaba wa kakao juu. Msalaba ulitoka umepinda. Nyumba ya nashu ilijaa. Mwisho wa meza, mahali pa heshima, alikaa mzee Leontie, mwenye kituo cha mafuta. Yeye ndiye nashu wa nashu wetu. Aliwashikia mishumaa Nicanor na mkewe Profira wakati sisi tulikuwa watoto.

Ilinca aliiwasha televisheni.

Bibi Zamfira akatokea, mkubwa kama ukuta. Akamsukuma mjomba wa bwana harusi. Fimbo juu. Kichwa kiliinuka, miguu ikaenda, duara zima likamfuata, na yeye akawageukia wapiga vyombo akapaza sauti, "Haraka! Mnapigia ng'ombe?"

Kijiko kilimponyoka mtu. Tulikuwa tumetoka makaburini, na yeye alikuwa anawakaripia wapiga fidla. Nashu Nicanor alijifuta uso kwa kitambaa cha meza, akasema, "Rudisha." Ilinca akarudisha. "Rudisha tena." Ng'ombe walipigiwa mara nne. Hata padri alianza kugonga kidole mezani, akajizuia.

Ndipo Catrinel aliyekaa kando ya mumewe akasema, "Ilinca, shoga, sasa tuwekee kanisani."

Ilinca alinitazama. Nilisimama mimi.

"Kanisa halipo, nashu. Diski imekufa. Alichoweza kukitoa mtoto ni hiki."

"Diski ipi?"

"Yako."

Catrinel aliweka mkono mdomoni.  Nashu akainuka, akatoka nje, tukasikia mlango wa gereji, na akarudi amebeba boksi la ndizi. Lilikuwa limejaa diski, zimelala moja juu ya nyingine kama matofali.

"Imekufa moja," alisema. "Ziko nyingine. Si binti alitaka mbili? Chukua mbili. Chukua tatu."

Mikono ya Toader ilikuwa imeshanyooka, yote miwili. Niliweka wangu juu yake, nikaishusha mezani.

"Hapana, nashu," nikasema. "Asante. Hatuchukui."

Profira aliacha kugawa supu. Mtu alikohoa na akajuta. Mama mwenzangu, mama yangu alizeeka bila kulisema neno hilo kwa nashu wake, na bibi yangu pia, na nilikuwa nangoja dari lianguke. Dari likabaki. Nashu Nicanor aliliweka boksi chini, akainama karibu na sikio langu.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana."

"Hivyo hivyo tu?"

"Hivyo hivyo."

Alitupa jicho mwisho wa meza, kwa mzee Leontie. "Alinipa boksi zima," alininong'oneza. "Zilitoka kwenye kamera za kituo. Saveta, mimi hata kompyuta sina."

Mzee Leontie ni mzito wa masikio, lakini neno diski alilisikia.

"Nicanor! Zimekufaa? Nimebadilisha kamera tena. Boksi jingine liko kwenye gari."

Nashu alisimama wima. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake kwenye televisheni, amesimamishwa pale fimbo juu. Akafungua mdomo. Niliuona ulimi ukienda kulitafuta lile neno, kama farasi anavyoendea kizuizi cha kuruka. Wote tulingoja.

"Asante, nashu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Toader akatoka kwenda kumsaidia kubeba.

Catrinel alilia siku ile na kesho yake, kisha akaanza kuzunguka kwa wageni akikusanya vilivyorekodiwa kwa simu. Mpaka sasa amepata mgongo wa padri na kidole gumba cha shangazi. Diski tumeipeleka Iași, imefungwa kwenye sufu, hiyo nilikubaliana na Maranda. Hawajasema kitu. Hatulali vizuri.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mtoto akikuambia anataka mbili, mwache anunue mbili, na asifute kadi za kamera mpaka zote mbili zimeshiba. Moja ya Ilinca sasa inakaa kwetu na pacha wake anakaa kwa Maranda, kabatini, mbali na dirisha. Kitambaa usifunike. Ikianza kugonga, zima, kisha angalia waya na adapta kabla hujamwita mtu mwenye nyundo. Kompyuta ikikuuliza kama isafishe, kataa. Fanya mazoezi ya kukataa hapo, kwa sababu hapo hakuna anayekasirika.

Na watu wakiniuliza ile diski ilitoka wapi, nawajibu kwa ufupi: nashu alitupa. Kila mtu na alisikie apendavyo.